Kompyuta Juu ya Deli la Barafu

Wiki ya tatu ya fildi Mjomba alinipa lifti kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati, karibu na shule niliyopangiwa. Yeye hupeleka barafu na kurudi na samaki. Asesa alikuwa anakuja kesho yake na maandalio yangu ya somo yalikuwa nusu, kwa hiyo nikaazima kompyuta mpakato ya mwenzangu wa chumbani. Betri yake ilishachoka, ukichomoa waya inazima hapo hapo. Nikaichomeka kwenye inveta ya gari, nikaifunga juu ya dashibodi kwa mpira wa baiskeli, nikaanza kuchapa.

Madimba Mjomba alisimama kununua maji. Alipopiga stata, kioo kikawa cheusi. Aya mbili zikaenda.

"Mjomba, ungeniambia," akasema. (Ndivyo tunavyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.) "Stata inakula umeme wote wa betri."

Tulipofika Msimbati akashuka kupatana bei na wavuvi waliotoka mdomo wa Ruvuma. Mimi nikaenda kusalimia shuleni, vioo nimefunga, kompyuta nimeiacha pale pale juani. Wote tunajua gari lililofungwa linavyokuwa saa saba mchana: ndani hupita nyuzi 50 bila shida. Niliporudi haishikiki. Nikaiwasha, ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima.

Ndipo akili ya mtu mwenye haraka ikafanya kazi. Siti ya nyuma kulikuwa na deli lenye barafu. Nikaifunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, nikailaza ndani juu ya barafu, nikasubiri kama nusu saa. Ilipotoka ilikuwa baridi safi. Nikaifungua hapo hapo ufukweni, nikabonyeza. Kioo kikaanza kutoka jasho. Vitufe vikalowa. Ikatoa mlio mfupi na harufu ya waya ulioungua, basi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimesimama mbele ya Kidato cha Kwanza nikieleza umande unavyotokea: hewa yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi, mvuke unageuka maji. Mfano nilioutoa ni chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Watoto waliandika.

Usiku nikamwandikia binamu yangu anayeendesha lori Winnipeg, Kanada, ambako Januari nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida. Kwenye dashibodi yake kuna kompyuta inayorekodi saa za kuendesha. Sheria ya malori ya kule inataka hivyo. Nilitegemea anicheke. Akanitumia sauti ya dakika nne. Alisema kosa langu na lake la mwaka wa kwanza ni moja. Aliacha kompyuta yake mwenyewe garini usiku kucha, asubuhi akaiingiza ndani kwenye joto na kuiwasha papo hapo, ikalowa vile vile. Siku hizi anaiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, hata saa mbili, ndipo anaifungua. Hachaji betri ya lithiamu ikiwa imeganda, kwa sababu inaharibika ndani kwa ndani. Na haiwashi kabla injini haijanguruma, maana kwenye baridi oili inakuwa nzito, betri ya gari inakuwa dhaifu, stata inavuta zaidi. Mjomba aliposikia akasema, "Si nilikwambia?"

Asesa alikuja. Nilifundisha kwa chaki na ubao, alama zikawa za wastani. Hiyo si habari.

Habari ni mwenzangu. Fundi wa mjini alifungua ile kompyuta akakuta maji yamefika hadi kwenye diski. Ndani kulikuwa na utafiti wake wa mwaka wa tatu. Madodoso yalikuwepo kwenye karatasi, tukayachapa upya usiku tatu, yeye akisoma, mimi nikiandika, hatuongei kitu kingine. Lakini kulikuwa na mahojiano tisa ya wavuvi aliyoyarekodi, na hakuwa na nakala kwenye fleshi. Boom lilipoingia nililipa nauli, tukaenda wote Msimbati kuwatafuta. Tuliwapata wawili. Wengine, tukaambiwa, wamevuka upande wa Msumbiji kufuata samaki, na hakuna aliyejua watarudi lini.