Bibi alipouliza habari za Mputa

Kijana anayeongoza wageni Lushoto alianza na majengo ya Wajerumani. Mji huu, akasema, waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Wajukuu wawili kutoka Dar es Salaam wakaandika daftarini. Bibi yao, mzaliwa wa Vugha, alisikiliza kimya.

Kwenda Irente bibi alipanda bodaboda, wengine wakatembea. Pale jabalini, Mazinde ikionekana mbali chini, kijana akaeleza habari za mkonge, na za reli iliyofika Mombo mwaka 1905.

“Na Mputa je, mwanangu?” bibi akauliza.

“Huyo hatumtaji, bibi.”

Si kosa lake. Wageni wengi huja kutafuta Wajerumani. Bibi akawageukia wajukuu. Hapo chini Mazinde alitawala Semboja, Mkilindi. Mwanawe Mputa alikuwa Simba Mwene wa Vugha, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1895.

“Linaandikwaje, bibi?” mdogo akauliza.

Bibi hakusoma shule. Kijana ndiye aliyemtajia mtoto herufi, moja moja.