Vibali Viwili na Chumba cha Chini

Nyumba ya kawaida ya Brussels, ile iliyojengwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na miaka michache iliyotangulia Vita Vikuu vya Kwanza, ni nyembamba na imekwenda juu. Upana wake wa mbele ni mita 6 hivi. Ndani, vyumba 3 vimefuatana kama mabehewa: cha mbele hutazama barabara, cha nyuma hutazama bustani, na cha kati hutazama giza. Chini ya vyote hivyo pana tabaka lililozama nusu ardhini, ambalo Wakongo wa mji huo huliita kave, kwa neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Humo ndimo yalimowekwa makaa ya mawe, yakimiminwa kupitia tundu lenye kifuniko cha chuma lililo ukingoni mwa barabara. Na humo, upande wa bustani, ndimo mtumishi alimopikia. Mwenye nyumba alikaa juu, penye dari ya mita 3 na zaidi. Aliyemhudumia alishinda chini, penye dari ambayo mtu mrefu huigusa kwa kiganja.

Kiswahili cha pwani hakikuhitaji neno la mahali kama hapo. Nyumba ya mawe ya Lamu hukua kwenda ndani: daka, kiwanda, misana, kisha ndani yenyewe. Aliyetaka kuficha kitu alikipeleka mbali na mlango, hakukizika. Makamusi, yakifika hapo, hutupa maelezo badala ya jina, yaani chumba cha chini ya ardhi. Handaki ni la vita, na shimo ni shimo.

Mwanamke anayehusika na habari hii alizaliwa Bukavu, akafika Ubelgiji akiwa na miaka 20 na ushei, akapata uraia, na kwa muda mrefu amefanya kazi ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwalaza wazee wa watu wengine. Mwaka 2021 alinunua nyumba Schaerbeek kwa mkopo wa benki. Tangazo lilisema ina vyumba 3 vya kulala. Karatasi za manispaa, ambazo notari alizisoma kwa sauti ya chini na ya haraka, zilisema vyumba 2 na kave. Mmiliki aliyetangulia alikuwa ametandika vigae chini, akapaka kuta rangi nyeupe, akaingiza kitanda, bila kumwuliza mtu yeyote. Katika sheria ya Mkoa wa Brussels, kuendelea kuwa na kazi iliyofanywa bila kibali ni kosa kwa nafsi yake, hata kama aliyeifanya ameshahama. Bei ilipunguzwa kidogo kwa ajili hiyo. Akanunua akijua.

Alikuwa na sababu yake. Mama yake, aliyebaki Bukavu, ana magoti mabovu, na katika nyumba kama hizi kila jambo liko mwisho wa ngazi. Kutoka barabarani hadi chumba cha kwanza cha kulala ni vidato 19, tena vyenye kona. Kwenda kave, kwa mlango mdogo wa pembeni uliokuwa wa watumishi, ni vidato 7, na baada ya hapo kitanda, choo na bustani vingeweza kuwa kwenye usawa mmoja. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kila kilichofuata.

Kanuni za ujenzi za Mkoa, zilizotolewa mwaka 2006, hazikatazi kwa jina mtu kulala chini. Zinaeleza tu chumba cha kukaliwa ni kipi: dari isipungue mita 2.50, mwanga wa asili uingie kwa eneo la kioo lisilopungua moja ya tano ya eneo la sakafu, na aliyemo aweze kuona nje. Kave yake ilikuwa na mita 2.18. Kwa hiyo zilipungua sentimita 32. Lakini anayechimba sentimita 32 hajapata kitu, kwani juu ya udongo lazima imwagwe zege, juu ya zege litandikwe tabaka la kuzuia baridi, na juu yake sakafu. Msanifu majengo alijumlisha akapata karibu sentimita 65. Chumba cha mita za mraba 14 kilidai kioo cha mita za mraba 2.8, nacho kilikuwa na kidirisha chenye nondo kilichotosha kupitisha paka. Ili dirisha kubwa lipate kutazama kitu kingine kisichokuwa udongo, sehemu ya bustani ilibidi ishushwe.

Na hapo mambo yakawa ya umma. Sehemu ya ndani ya mtaa, yaani bustani zote zinazopeana migongo nyuma ya safu za nyumba, hulindwa na mpango wa matumizi ya ardhi wa mwaka 2001, anayeigusa hutangaza. Tangazo ni bango jekundu linalobandikwa mbele ya nyumba kwa siku 15, ili kila apitaye ajue kwamba humu mtu anataka kuchimba, naye akipenda aandike pingamizi. Baadaye hukaa kamati ya mashauriano, mbele ya watu. Saa ya serikali haianzi kuhesabu mpaka faili litamkwe kuwa limekamilika, na neno hilo, kukamilika, lina subira ndefu: lake lilirudishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa picha za majengo ya jirani zilizokosekana, mara ya pili kwa mchoro usioonyesha mti.

Ni rahisi kuyacheka hayo, na wageni wengi huyacheka. Lakini aliyekulia Bukavu, mji uliojengwa juu ya miteremko ya Ziwa Kivu, ambako mvua kubwa moja huweza kuteremsha safu ya nyumba bondeni, hacheki kwa wepisi huo. Kule kinachokosekana si karatasi, maana karatasi zipo na mihuri ipo. Anayekosekana ni mtu wa kumwuliza mwenye kiwanja cha juu kama kuchimba kwake hakutamwangusha wa chini. Bango jekundu linauliza swali hilo tu. Aliyelijibu ni jirani wa kulia, mzee mwenye asili ya Uturuki aliyeishi mtaani hapo miaka 40. Hakuandika pingamizi. Alikwenda kwenye kamati amevaa koti lake la Ijumaa, akauliza jambo moja: ukuta wetu utasimama juu ya nini?

Lilikuwa swali lenyewe. Nyumba hizo huegemeana. Ukuta wa kati ni wa shirika, na msingi wake hauendi chini sana kuliko sakafu ya kave. Kushusha sakafu ni kuuvua ukuta wa watu wawili viatu vyake. Njia salama ni kuushusha msingi wenyewe kwa vipande: huchimbwa kipande cha mita 1 hivi chini ya ukuta, kikamwagwa zege, kikaachwa kikauke, kisha huchimbwa kingine mbali nacho, kamwe si kinachokigusa, mpaka ukuta wote uwe umehamia kwenye mguu mpya bila kujua. Kabla ya hapo mtaalamu hupita nyumba zote mbili na kupiga picha kila ufa, ili baadaye asitokee wa kusema ufa huu ni wa jana. Jirani aliombwa awepo. Aliwaandalia chai.

Serikali yenyewe imeyaonja mambo haya, mahali Wakongo wanapopajua vizuri. Jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lililofunguliwa mwaka 1910, lilifungwa mwishoni mwa 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018, likiwa na ukumbi mpya uliochimbwa chini ya ardhi ambao mgeni huupitia kwanza. Baadhi ya sanamu za kikoloni zilizoonekana kuwa aibu zilikusanywa katika chumba cha huko chini. Zile zilizojengewa kwenye kuta za juu zilibaki pale pale, kwa sababu jengo lote linalindwa na sheria ya urithi. Kwa hiyo kibali kiliruhusu kuchimba, hakikuruhusu kubandua. Mwanamke wa Schaerbeek alipopelekwa huko na watoto wake alitazama zaidi dari ya ule ukumbi kuliko vioo vya maonyesho, akasema hapana unyevu.

Kiswahili kinatofautisha fundi na mkandarasi, na tofauti hiyo ilimgharimu. Fundi ni mtu. Mkandarasi ni karatasi zenye mtu nyuma yake. Alipata makadirio 3. La chini kabisa lilikuwa la kijana wa kwao, mwenye mkono mzuri, aliyekuwa ameshawatengenezea mabafu wenzake kadhaa wa kanisani. “Dada, sisi ni wa nyumba moja,” alimwambia. “Namba ya kampuni ya nini?” Namba hiyo yenye tarakimu 10 ndiyo inayofungua mengine yote. Kwa nyumba iliyokaliwa zaidi ya miaka 10, ankara halali hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 6 badala ya 21. Aliyejenga huwajibika kwa uimara wa jengo kwa miaka 10, na sheria ya mwaka 2017 inamlazimisha kuwa na bima ya dhamana hiyo. Msanifu majengo naye si hiari: tangu sheria ya 20 Februari 1939, kazi ya namna hii lazima awe nayo mtu aliyeichora na anayeisimamia. Akachagua kampuni ndogo ya Mreno, iliyokuwa ghali kwa theluthi moja. Yule kijana hakupokea simu zake hadi Pasaka. Pengine fundi yule angeifanya kazi vizuri zaidi. Lakini ukuta ulikuwa wa mzee wa Kituruki pia.

Kibali kilitoka mwishoni mwa 2024. Kibali cha pili ndicho kisichokuwa na njia. Kabla ya sheria ya 8 Julai 2011, raia wa Ubelgiji aliweza kumleta mzazi anayemtegemea aishi naye. Sheria hiyo ilimwachia mlango mzazi wa Mbelgiji aliye mtoto mdogo tu. Raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ubelgiji bado anaweza kumleta mama yake anayemtegemea, na Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya Septemba 2013, iliikubali tofauti hiyo. Mreno aliyekuwa akishusha msingi angeweza kumleta wake. Aliyemlipa, kwa kuwa amekuwa Mbelgiji, hawezi. Kilichobaki kwake ni viza ya matembezi: siku 90 katika kila siku 180.

Uchimbaji ulianza Januari 2025. Kwenye kipande cha nne yakatokea maji, kidogo kidogo, safi. Brussels imefunika maji yake, mto Senne wenyewe ukafunikwa kati ya 1867 na 1871, lakini kufunika si kukausha. Ikaongezwa pampu, na pampu ikaongeza gharama. Wiki hizo hizo, katikati ya Februari, M23 waliingia Bukavu, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Maombi ya viza hupelekwa Kinshasa, kilomita 1,500 kwa ndege ambayo haikuwapo. Mama alipopatikana kwenye simu hakutaka kuzungumzia askari. Aliuliza habari za nyumba, akaelezwa tena habari za vidato 7. “Miye sitalala mu shimo, mwana wangu,” akasema.

Binti alishuka na simu kumwonyesha. Dirisha lilikuwa bado halijawekwa, palikuwa na nailoni tu, lakini mwanga ulipita. Mama akanyamaza, halafu akauliza jiko liko upande gani.

Mwezi Septemba msanifu majengo alipima akapata mita 2.51. Wiki iliyofuata mwanamke alirudi kwenye jengo lile lile la manispaa, safari hii kwenye kaunta nyingine, kuchukua fomu ya ahadi ya kumgharamia mgeni. Walimtaka kitambulisho na hati za mshahara. Alikuwa amebeba pia ramani ya chumba, ikabaki mkobani.