Mafuta ya Nazi ya Kilwa Kivinje

Ukifika Kilwa Kivinje utaona minazi mpaka ufukweni. Upepo na maji ya chumvi hukausha ngozi za wavuvi. Mama mmoja alinionyesha dawa yake. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka maji yakaisha. Mafuta yakabaki juu ya mashapo. Maji yakisalia ndani, mafuta huchacha upesi.

Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Huyazuia yasipotee. Basi jipake mara utokapo kuoga, kabla hujakauka. Mimi nilikuwa nikijipaka nikiwa mkavu! Huko Lindi kwenye ufuta mwingi, mafuta ya ufuta nayo hufaa.

Lakini mtoto akiungua moto, usimpake mafuta yo yote. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati.