Ubao wa Wageni

Katika kila nchi, msomaji, mgeni hupitia kipindi kimoja kigumu, nacho ni kile kilicho baina ya kuvuka kizingiti na kuitwa mezani. Amekwisha kusalimu na kusalimiwa. Amekwisha kuulizwa habari za safari. Harufu inamjia kutoka jikoni, lakini chakula bado hakijaiva. Mikono yake haina kazi, na kama hawajui wageni wenziwe, ulimi wake nao hauna kazi. Pwani yetu hulitatua jambo hili kwa madafu, au kwa kahawa tungu na kipande cha halua. Bara hulitatua kwa kikombe cha chai ya maziwa. Wamarekani, hasa katika sikukuu zao za mwisho wa mwaka, hulitatua kwa ubao.

Nasema ubao, wala si sahani wala sinia, kwa kuwa ni ubao hasa: kipande cha mti kilicholainishwa, ambacho juu yake hupangwa nyama zilizokaushwa kwa chumvi, jibini za namna mbalimbali, matunda, njugu, achari na mikate myembamba. Jina la nyama hizo, charcuterie, limetoka kwa Wafaransa, na asili yake ni maneno mawili yenye maana ya nyama na kupikwa. Ukiutazama ubao huo kwa mara ya kwanza waweza kudhani umepangwa kwa ajili ya macho tu. Lakini vitu vile havikukutanishwa na uzuri; vilikutanishwa na hofu ya njaa. Katika nchi za theluji mifugo isiyoweza kulishwa wakati wa baridi ilichinjwa kabla ya baridi kuingia, na nyama yake ilipaswa kudumu miezi mingi. Chumvi hufyonza maji katika nyama, na vijidudu viozeshavyo haviwezi kustawi pasipo maji. Paja la nguruwe likisuguliwa chumvi na kutundikwa penye upepo kwa zaidi ya mwaka, kama wafanyavyo watu wa Parma katika Italia, huweza kuliwa bila kuguswa na moto. Maziwa yakigandishwa na kukamuliwa maji yake huwa jibini. Tini hukaushwa, na matufaha huwekwa ghalani. Ubao wa wageni, basi, ni ghala iliyofunguliwa mbele ya mtu ili achague.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Ng'onda na papa wa pwani, na nyirinyiri ya wafugaji wa kaskazini, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa katika mafuta, zote zafuata kanuni ile ile: ondoa maji, nawe utakuwa umeufungia uozo mlango.

Majira ya ubao huo huitwa vuli katika vitabu vyetu, na hapo yafaa nikutahadharishe. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mkulima huzipokea kwa jembe. Vuli yao ni wakati ambapo miti hugeuka rangi ya dhahabu na ya damu, kisha ikapukutisha majani ikabaki mifupa. Mjini Boston, mwishoni mwa Novemba, giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Ni neno moja kwa majira mawili yasiyojuana.

Sikukuu kubwa ya vuli hiyo ni Siku ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka katika Alhamisi ya nne ya Novemba. Asili yake husemwa kuwa karamu ya mavuno ya mwaka 1621 huko Plymouth, katika Massachusetts. Wahamiaji wa Kiingereza, ambao karibu nusu yao walikuwa wamekufa katika baridi yao ya kwanza, walikula siku tatu pamoja na watu wa taifa la Wampanoag. Barua ya mmoja wa wahamiaji hao, Edward Winslow, yaeleza kwamba wenyeji walifika kiasi cha watu 90 pamoja na mkuu wao Massasoit, nao wakaenda kuwinda kulungu watano wakawaletea. Sisi husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Plymouth mwenyeji alileta nyama mwenyewe, wala hakupona: maradhi na vita vilimwondoa katika sehemu kubwa ya nchi yake. Tangu mwaka 1970 wazao wa watu wale na wenzao hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kwa maombolezo. Sisemi hayo ili kuharibu ladha ya chakula. Mtu atakayepanga chakula cha sikukuu afadhali ajue sikukuu hiyo imetoka wapi.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo hilo la Massachusetts, na Alhamisi ya tarehe 28 Novemba nilialikwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mjane, mwenye umri wa mama yangu mzazi. Watu wa kule huitana kwa majina hata kama umri wao umepishana miaka 40. Ulimi wangu ulikataa kabisa. Nilimwita Mama, naye akaliridhia jina hilo, nadhani hata akalipenda. Asubuhi ile yeye alishughulika na bata mzinga, mnyama ambaye kumwoka kwataka saa nyingi na subira nyingi kuliko hizo, akanikabidhi mimi kazi ya kuupanga ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani. Mumewe aliuchonga kwa mikono yake, na kila mwaka, alipokuwa hai na baada ya kufa kwake, ulipangwa kwa namna moja: nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba ilikunjwa mfano wa ua katikati, na vitu vingine vyote vikalizunguka ua hilo, vikigusana na kulaliana hata mti usionekane. Ndivyo upangavyo wapangaji wengi. Mama alinieleza hayo akishika ukingo wa ubao, na kwa jinsi alivyoushika nilitambua kwamba hakuwa akinieleza habari za chakula tu.

Lakini wageni wa siku ile walikuwa nani? Walikuja mwanawe na mkewe, pamoja na mtoto wao ambaye njugu moja yaweza kumfunga koo. Alikuja jirani yake, bibi wa Kihindi asiyekula nyama ya aina yoyote. Tena walikuja mtu na mkewe kutoka Lamu, Waislamu. Mume alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na walialikwa kwa sababu mimi niliwataja. Nilipata kumwona kijana huyo katika karamu tatu kabla ya hiyo. Katika zote tatu alisimama karibu na ukuta na bilauri ya maji mkononi, na kila alipokaribishwa alisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Nyama ya nguruwe ilikuwa imelalia jibini, kisu kilikuwa kimoja, na yeye ni mtu mpole asiyetaka kumhoji mwenye nyumba mbele za watu. Akienda na mkewe nyumba ya nne, wangekuwa wawili wenye bilauri za maji.

Nikamwambia, "Mama, ua la katikati litawazuia watu wawili."

"Najua hawali nguruwe," akajibu. "Watakula jibini."

"Jibini itakuwa imeigusa, Mama."

"Tutaisogeza, basi."

Hapo nikalazimika kusema lile gumu. Mti hunywa mafuta. Ubao ule ulikuwa umenywa mafuta ya nguruwe kila sikukuu kwa miaka isiyopungua 30, na hata ukisuguliwa vipi, Mwislamu aliyejua habari zake asingestarehe kula juu yake. Mama hakujibu. Alirudi kwa bata wake, akafungua tanuri, akamtazama, akaifunga. Nami nilisimama palepale nikijua kwamba mgeni hana haki ya kuhamisha kitu ndani ya nyumba ya mtu, sembuse kitu kilichoachwa na marehemu.

Baada ya kitambo alitoa kabatini sahani kubwa ya kaure, iliyokusudiwa kumbeba bata mzinga. Kaure haifyonzi kitu; huoshwa ikatakata. "Bata atakuja mezani na kikaangio chake," akasema. "Hakuna atakayekufa kwa hilo." Kisha akauchukua ubao wa mumewe, akauweka juu ya kimeza kidogo dirishani, kando ya kiti alichokuwa akikalia mzee, akalikunja lile ua la nguruwe yeye mwenyewe. Hakutaka msaada wangu. Wala hakunena nami sana kwa muda wa saa nzima iliyofuata.

Nikaipanga sahani. Kwanza huwekwa bakuli ndogo, kwa maana ndizo zisizokunjika wala kusukumika: achari ya matango, zeituni, asali, na tunda jekundu na chachu liitwalo cranberry, linalolimwa katika mabwawa ya jimbo lile, ambalo lilikuwa limepikwa na sukari. Kisha huja jibini, kila moja mbali na mwenziwe na kila moja na kisu chake. Nilikuwa nazo tatu: ngumu, laini, na ile yenye mishipa ya buluu inukayo kama soksi za mchezaji mpira. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama, kwa hiyo tulikuwa tumechagua zile ambazo karatasi yake ilisema zimegandishwa kwa dawa ya mimea, ili bibi wa Kihindi asiwe na shaka. Zilitolewa katika jokofu saa moja kabla ya wageni kufika, kwa kuwa jibini baridi haina ladha.

Nyama ya sahani hiyo ilikuwa ya ng'ombe, nayo niliinunua siku iliyotangulia katika duka la Waislamu: huitwa pastirma, na Waturuki huikausha kwa chumvi, kisha wakaipaka uwatu, vitunguu saumu na pilipili nyekundu. Hiyo niliiweka upande mmoja kwa ajili ya bibi yule, na baina yake na jibini nikajenga ukuta wa matufaha na peasi, vipande vyake vikiwa vimepakwa maji ya limau visigeuke rangi. Zabibu nilizikata kwa mkasi kuwa vishada vidogo vidogo, ili mtu asiinue mkungu mzima mbele ya watu. Njugu, lozi na jozi hazikuingia kabisa. Mahali pake nilijaza mbegu za maboga zilizokaangwa. Mikate myembamba ilikaa katika kikapu chake isilowe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya upishi hulipita upesi, nami naliona kubwa. Jibini ngumu usiiache nzima. Kata vipande vitano au sita, uvilaze mbele yake, na kishada kimoja cha zabibu ukiondoe kwa makusudi. Mgeni mwenye haya huogopa kuwa wa kwanza kubomoa kilichopangwa vizuri. Akikuta kimekwisha kubomolewa kidogo, mkono wake hupata ruhusa.

Walipofika, kijana wa Lamu alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa chetu ni kipi?"

Nikamjibu, "Sahani yote ni yenu, ila ile ya dirishani."

Alimwambia mkewe kwa jicho tu. Bibi yule akavuta kiti akaketi karibu na sahani, akachukua pastirma, akachukua jibini, akamuuliza yule bibi wa Kihindi kama mbegu zile ni za boga au za tikiti; na mazungumzo yao, yaliyoanza na mbegu, hayakukatika mpaka tulipoitwa kula. Yeye na mumewe hawakumgusa bata, kwa kuwa hakuchinjwa kwa kanuni zao, lakini Mama alikuwa ameoka samaki pia, nao walikula wakaongeza.

Mwana wa nyumba aliuona ubao dirishani. Alisimama mbele yake kitambo, akatwaa kipande cha nyama, akaketi katika kiti cha baba yake, jambo ambalo, kama mkewe alivyonieleza baadaye, hakuwahi kulifanya tangu maziko. Mama alimwona kutoka mlango wa jikoni akiwa na kitambaa mkononi. Hakusema kitu, nami sikuthubutu kumsoma uso.

Yule bibi wa Lamu alikuwa amekuja na kopo la visheti alivyovipika mwenyewe usiku, na alisahau kulitoa mfukoni hata watu walipokuwa wakinywa kahawa. Alipolitoa alitazama huku na huku asijue pa kuliweka. Mama akasogeza bakuli ya zeituni, akavimimina visheti katikati ya sahani, akaonja kimoja, akauliza vimetiwa nini. Iliki, akaambiwa. Akaomba aandikiwe namna ya kuvipika, na bibi yule akaandika, mimi nikifasiri, nyuma ya bahasha, mpaka tukakwama penye kipimo cha unga, kwa sababu yeye hupima kwa mkono.