Begi Moja, Mikono Miwili

Katika jamii yetu msafiri hupimwa kwa mzigo wake. Anapoondoka, majirani hutazama ukubwa wa sanduku. Anaporudi, hutazama kama masanduku yameongezeka. Aliyekwenda mbali akarejea na mkoba wa mgongoni tu huulizwa, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, kama kweli alifika huko alikosema anakwenda. Desturi hii ina asili njema, kwani zawadi ni katika mambo yanayojenga mapenzi baina ya watu. Lakini, ndugu msomaji, ipo safari ambayo mzigo wake waweza kumnyima msafiri kile kile alichokifuata. Nakusudia kueleza kwa nini mimi na mama yangu tulikwenda Umra kila mmoja na begi moja dogo, lile ambalo abiria huingia nalo ndani ya ndege.

Mama ana umri wa miaka 72, na magoti yake yamechoka. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti kwamba asitembee mwendo mrefu wala asinyanyue kitu kizito. Sote nyumbani kwetu Tanga tulielewa, bila mtu kulitamka, kwamba huenda hii ikawa safari yake ya kwanza na ya mwisho kwenda kwenye Nyumba Tukufu. Katika familia tuliokwenda ni mimi na yeye tu. Hesabu ikawa rahisi: kiti cha magurudumu husukumwa kwa mikono miwili, nami sina mkono wa tatu wa kuburuta sanduku.

Mama hakukubali mara moja. "Mwanangu," aliniambia, "watu wamenichangia, wamenishonea nguo, wamekuja kuniaga. Nitarudije mikono mitupu? Nitawatazama kwa uso gani?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu akaagiza anunuliwe daftari dogo la shule. Akapita kwa majirani na jamaa mmoja mmoja, na wale asioweza kuwafikia akawapigia simu. Maneno yake yalikuwa yale yale: "Mimi mizigo sitaiweza. Nipeni majina, na mnambie kila jina niliombee nini." Daftari likajaa wagonjwa, marehemu, mabinti wanaotafuta wachumba wema, vijana wanaotafuta kazi. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alileta jina la mwanawe aliyeondoka nyumbani na ambaye hajamtia machoni kwa miaka 9. Daftari lote lilikuwa jepesi kuliko pakiti ya biskuti.

Sasa nije kwenye begi lenyewe. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la mkononi lisilozidi kilo 7, na kila shirika lina vipimo vyake vya urefu na upana, hivyo ni wajibu wa msafiri kuuliza kabla. Kilo 7 ni chache ukizisikia, lakini si chache ukizipanga. Sisi tulipima kwenye mizani ya duka la jirani, ile anayopimia mchele na sukari. Jambo la kwanza mizani ilitufundisha ni kwamba begi gumu la magurudumu, kabla hujatia hata kitambaa, laweza kula karibu nusu ya haki yako. Tukachagua mikoba ya kitambaa. Wangu nikauvaa mgongoni. Wa mama, uliokuwa mdogo zaidi, akaupakata kitini.

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na ihramu ya pamba nyepesi, kanzu mbili, suruali mbili, msuli, nguo za ndani za siku tatu na ndara. Mama alichukua mabuibui mawili, magauni mawili ya pamba, mitandio na doti moja ya kanga. Sijapata kuona nguo inayomfaa msafiri kuliko kanga. Usiku ilikuwa shuka, asubuhi ilikuwa taulo, ndani ya ndege ilikuwa blanketi, na mara moja, jua lilipokuwa kali, ilikuwa mwavuli wake. Nguo nyingine tulizifua kila usiku kwa kipande cha sabuni ya mche. Hewa ya Makka ni kavu; nguo iliyoanikwa baada ya Isha tuliikuta imekauka kabla ya Alfajiri. Kwa kuwa aliyehirimia haruhusiwi kujipaka manukato, tulichukua pia sabuni isiyotiwa harufu, na ya kipande badala ya majimaji. Katika viwanja vingi vya ndege, vitu vya majimaji ndani ya begi la mkononi huwa na kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo, na mafuta mazuri ya nazi yaliyozidi hapo huishia kwenye pipa la taka la wakaguzi.

Dawa za mama za shinikizo la damu na za magoti zilikaa juu kabisa, katika maboksi yake ya asili, pamoja na barua ya daktari. Tulipofika Jidda nikaona umuhimu wa jambo hili kwa macho yangu. Abiria wenzetu walisimama kusubiri masanduku, na mzee mmoja wa msafara wetu sanduku lake halikutokea. Ndani yake mlikuwa na dawa zake za kisukari. Alikuwa amesimama na karatasi ya begi mkononi, akitazama mkanda ule unaozunguka ukiwa mtupu. Kwa kuwa sisi hatukuwa na cha kusubiri, nilimweka mama pembeni pamoja na akina mama wengine, nikamshika mzee mkono hadi kwenye dirisha la mizigo iliyopotea, kisha mimi na kiongozi wa msafara tukamtafutia duka la dawa. Sanduku lilifika siku ya pili yake. Alhamdulillah, dawa alikuwa amekwishapata. Niliondoka nyumbani nikidhani mikono yangu nimeiacha huru kwa ajili ya mama peke yake. Kumbe mkono ulio huru hupata wa kumshika popote.

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari, maana wapo wanaodhani kusafiri mwepesi ni kusafiri bila maandalizi. Katika Sahih al-Bukhari imo riwaya ya Ibn Abbas (r.a.) kuhusu watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Mwenyezi Mungu, wakifika Makka huombaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul-Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu, na kutufahamisha kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Mafunzo yake kwa mwenye begi dogo ni bayana. Ikiwa umeacha taulo nyumbani ili uazime la mwenzako, na umeacha dawa ya kichwa ili uombe ya jirani wa chumba, hukupunguza mzigo; umeuhamishia begani kwa mtu mwingine. Mwepesi wa kweli ni yule anayetoshelezwa na alichonacho, si yule anayetegemea masanduku ya wenziwe. Kwa hiyo kila kitu tulichokiacha Tanga tulijiuliza kwanza: tukikikosa, nani atabeba taabu yake? Kama jibu lilikuwa "mtu mwingine", kitu kile kilirudi begini.

Umra yenyewe tuliitekeleza usiku, joto lilipopungua. Tulitufu mizunguko saba, kisha tukaelekea kwenye Sa'yi. Kati ya Safa na Marwa pana karibu mita 450, na safari saba hufanya zaidi ya kilomita 3. Ipo njia maalumu ya viti vya magurudumu, na vijana wa kusukuma kwa malipo wapo. Mama alitaka nimsukume mwenyewe. Alifungua daftari mapajani, akawa anasoma majina kwa sauti ya chini, ukurasa baada ya ukurasa. Tulipofika kwenye taa za kijani, mahali ambapo wanaume huharakisha mwendo, nami nikaharakisha, mama akashika sana mikono ya kiti na kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu baba alipofariki. Niliitazama mikono yangu juu ya kile kiti nikamshukuru Mola kwamba haikuwa imeshika kitu kingine.

Kutoka Makka tulikwenda Madina kwa treni ya Haramain, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2018. Mwendo wa kama kilomita 450 tuliumaliza kwa muda usiofika saa tatu. Kwa mwenye mgonjwa na mkoba mmoja, kupanda na kushuka treni hakuna tofauti na kuhama kutoka sebuleni kwenda barazani.

Je, tulirudi mikono mitupu? La. Mama alinunua tende kilo 3, zikachukua nafasi ya vitu vilivyokwisha matumizi na nguo alizozitoa sadaka huko huko. Maji ya Zamzam hayaruhusiwi ndani ya begi la mkononi; tulinunua chupa yake ya lita 5 iliyofungwa kwa ajili ya safari, nayo ndiyo kitu chetu pekee kilichopakiwa tumboni mwa ndege. Kila nyumba ilipata tende tatu na maji ya kikombe kidogo. Yule bibi wa mtaa wa pili alipokuja, hakuuliza aliletewa nini. Alikaa mkekani karibu na mama akamuuliza, "Ulimtaja?" Mama akamjibu, "Nilimtaja, mwenzangu. Nilimtaja Safa, nikamtaja tena mbele ya Al-Kaaba." Bibi akainamisha kichwa kwa muda, kisha ndipo akapokea tende zake.

Simwambii mwenye watoto wachanga, wala mwenye kusafiri kwa biashara, kwamba begi moja litamtosha. Kila safari ina hesabu yake. Nasaha yangu ni kwetu zaidi sisi tunaobaki nyumbani. Tunapomwaga anayekwenda Umra, hasa mtu mzima mwenye magoti kama ya mama yangu, tusimpe orodha ya vitambaa, misala na manukato ya kututafutia sokoni. Saa anayoipoteza dukani kwa ajili yetu imetoka kwenye saa zake za ibada, na kilo anayotubebea inamwelemea yeye au yule anayemsukuma. Tumpe majina yetu. Hayo yana uzito wake, lakini si uzito wa kuvunja mgongo wa mtu.

Wabillahi tawfiq.