Masuria Niliowafuta

Tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ya historia ilihusu kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar, na msimamizi wangu aliisifu. Ina kosa kubwa, na kosa hilo ni langu.

Niliandika kwamba amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliwawezesha watumwa wa Unguja na Pemba kwenda kudai uhuru wao. Kwa mchuma karafuu ni kweli. Masuria hawakuwemo. Serikali iliwahesabu kama wake za mabwana zao, na aliyetaka kutoka ilimbidi athibitishe kwamba ametendewa ukatili. Walingoja haki hiyo hadi 1909. Kifungu chao nilikisoma kwa macho yangu, nikakiruka, maana nilikuwa nimeshajipangia hadithi ya mashamba, vibarua na ujira, na wanawake wa ndani wangeivuruga.

Idara yetu ilikuwa na somo la hiari kuhusu jinsia, rangi na ukabila. Sikulichukua. Wavulana tulilitania kuwa ni la akina dada wasiopenda kusoma uchumi.

Kosa la kuwaruka masuria lingekuwa pengo tu, labda ningejisamehe. Lakini liliharibu mpaka sura ya tatu, ile niliyoringa nayo, iliyohusu rangi. Humo niliwapanga watu wa visiwani kama sensa za wakoloni zilivyowapanga, Waarabu huku, Waafrika kule, nikawaeleza Waarabu wote kuwa wageni wa kutoka Oman. Nilisahau jambo ambalo kila nyumba ya Unguja inalijua: nasaba inafuata baba. Mtoto wa suria, baba akimkubali, alikuwa huru na alikuwa Mwarabu, mama awe Mcherkesi kama mama yake Salme, binti wa Sultani Said, awe Mhabeshi kama mama yake Sultani Barghash, au awe ametekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa. Wengi niliowaita wageni walikuwa na bibi wa Kiafrika. Nikamfuta bibi ili mjukuu aenee kwenye jedwali langu, kisha nikayaeleza Mapinduzi ya 1964 kana kwamba yalizikutanisha damu mbili zisizowahi kuchanganyika.

Na la kuniumiza zaidi: bi mkubwa mmoja niliyemhoji Ng'ambo, mjini Unguja, alianza kunisimulia habari za bibi yake aliyekuwa suria. Kwa sauti ya chini, kwani mambo hayo hayasemwi ovyo. Ukoo unaweza kuchukia. Nilizima kinasa sauti, nikamwomba radhi, nikamrudisha kwenye bei ya karafuu. Hakuzirudia habari hizo tena, na sasa ni marehemu.

Nakala ya tasnifu bado iko maktabani, na najua wanafunzi wanainukuu. Tafadhali, sura ya tatu msiitumie.