Juni Kitulo: bustani inapolala

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba ina kona ambazo watu wa huko wamekwisha kuzihesabu. Ni hamsini na saba, na barabara yenyewe wanaiita hivyo hivyo. Chini kuna joto la Usangu. Juu, Juni ikishaingia, abiria wanaanza kutafuta masweta kabla kona hazijaisha. Mbele ya Matamba ndiko uliko Uwanda wa Kitulo, kwenye kimo cha meta 2,600 hivi. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wengi wanaujua kwa jina la Bustani ya Mungu.

Mzazi anayepeleka watoto huko likizo ya Juni ajue mapema kwamba maua hayapo, au yamebaki machache sana. Msimu wake ni wa mvua, Novemba hadi Aprili. Sasa ni kipupwe: nyasi za kahawia, ukungu, na alfajiri nyingine jalidi nyeupe juu ya majani. Hata mbayuwayu wa buluu, aliyelea makinda yake hapa wakati wa mvua, amekwisha kwenda zake kaskazini.

Mtoto atauliza maua yako wapi. Yako chini ya miguu yake.

Okidi za Kitulo, zaidi ya aina 40, nyingi huota ardhini. Zile za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria hutunza uhai wao katika viazi vidogo. Ukichimbua mmea mmoja (usichimbue!) ungekuta viwili: kimoja cha zamani, kimenywea kwa sababu kimelisha ua la msimu uliopita, na kingine kipya, kigumu, kilichojaa chakula cha msimu ujao. Jani la juu hukauka, kiazi kipya kikabaki kusubiri mvua.

Na hicho kipya ndicho wachimbaji wanachokitaka. Husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na biashara yake imekuwa ikivuka mpaka kutoka nyanda hizi kwa miaka mingi. Anayechimba huchagua kile kigumu na kukiacha kilichonywea, ambacho hakina tena cha kuchipua. Kurudisha mmea kwa mbegu si kazi ya msimu mmoja: mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha udongoni. Kisha hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Kwa familia za vijijini zinazohitaji ada na sare, hata hivyo, kiazi hicho ni fedha ya haraka, na kuwakaripia tu hakujawahi kujaza sufuria ya mtu.

Mwenye uwezo wa safari moja tu kwa mwaka heri asubiri likizo ya Desemba. Anayekwenda sasa abebe makoti, soksi nzito na chai kwenye chupa, na awaambie watoto wapite njiani, wasikanyage kando. Ile nyasi inayoonekana imekufa imefunika vitanda vya watu waliolala.